Taa ya injini imewaka: nani atanunua sensa ya oksijeni?

Probox nyingi zinazobeba abiria katika masoko ya Matungu, kaunti ya Kakamega, ziligusa ardhi ya Kenya kwa mara ya kwanza hapa Mombasa. Zilishushwa Kilindini kutoka Japani zikiwa hazijapita miaka 8, kama sheria inavyotaka, kisha zikapandishwa bara. Njia hiyo si ngeni. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika hadi kwa Nabongo Mumia wa Wanga, na Matungu iko katika nchi hiyo hiyo ya Wawanga. Leo mzigo ni gari, na maradhi ya gari ni yale yale, liwe steji ya Mayoni au Mtwapa. Moja katika maradhi hayo ni taa ya njano yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzima.

Madereva wengi huizoea. Gari linawaka, linatembea, abiria wanafika. Wengine huibandika utepe mweusi ili isiwasumbue macho usiku. Lakini mara nyingi taa hiyo inahusu kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bomba la moshi, nacho ni sensa ya oksijeni. Ikiharibika, pesa huvuja kidogo kidogo kupitia tangi la petroli. Makala haya yanaeleza sensa hiyo inafanya nini, namna ya kuhakikisha kweli imekufa, na namna ya kuibadilisha. Yanagusa pia swali linaloachwa bila jibu katika gereji nyingi: kati ya dereva na mwenye gari, ni nani anayepaswa kuinunua?

Sensa inafanya kazi gani

Injini ya petroli huungua vizuri pale hewa na mafuta vinapochanganywa kwa kipimo maalumu: kwa uzito, takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Mafuta yakizidi, mengine hutoka bila kuungua. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu na kupata joto kupita kiasi. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua injekta zifunguke kwa muda gani, lakini haiwezi kuona ndani ya silinda. Inategemea sensa iliyo kwenye bomba la moshi, inayonusa na kuiambia: "oksijeni imebaki nyingi, ongeza mafuta," au "oksijeni imekwisha, punguza."

Ndani ya sensa ya kawaida kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu. Upande mmoja wa kauri hupigwa na moshi, upande wa pili hupata hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo mbili huzaa umeme mdogo sana. Mchanganyiko ukiwa na mafuta mengi umeme hupanda kukaribia volti 0.9, ukiwa na hewa nyingi hushuka kukaribia volti 0.1. Katika injini nzima, namba hiyo hupanda na kushuka bila kutulia, kwa kuwa kompyuta nayo hurekebisha bila kuchoka. Kauri hii haifanyi kazi ikiwa baridi; inahitaji joto la kama nyuzi 300 na zaidi. Ndiyo maana sensa za siku hizi zina hita ndogo ndani yake, na ndiyo maana nyingi zina waya nne.

Teknolojia hii si ya jana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza mwaka 1976, na Volvo ikawa ya kwanza kuifunga kwenye magari yake yaliyouzwa Marekani. Adui yake mkubwa wakati huo alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli, maana huiua sensa na kisafisha moshi pia. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana na petroli ya namna hiyo kufikia Januari 2006. Bila hatua hiyo, sensa katika magari yetu zisingekuwa na maisha marefu.

Magari mengi yana sensa mbili. Ya kwanza hukaa karibu na injini, kabla ya kisafisha moshi ambacho mafundi hukiita katalitiki. Hiyo ndiyo inayoongoza mafuta. Ya pili hukaa baada ya katalitiki, na kazi yake kubwa ni kuchunguza kama katalitiki bado inasafisha. Tofauti hii ni muhimu mfukoni: mtu anayelalamika kuwa gari linakunywa petroli, kisha akauziwa sensa ya pili, atalipa na tatizo litabaki pale pale.

Hasara inahesabika

Sensa ya kwanza ikifa, kompyuta huacha kuisikiliza na kufuata kipimo kilichoandikwa kiwandani, ambacho kwa kawaida huegemea upande wa mafuta mengi ili kuilinda injini. Ikiwa haijafa bali inadanganya kwamba kuna hewa nyingi, kompyuta huongeza mafuta yasiyohitajika. Wizara ya Nishati ya Marekani huwaeleza madereva kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa mbovu ya oksijeni kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 40. Hiyo ni kwa hali mbaya kabisa, basi tuchukue mfano wa wastani.

Tuseme Probox inatembea kilomita 200 kwa siku. Ikiwa nzima na kwenda kilomita 14 kwa lita, inahitaji lita 14.3. Ikishuka hadi kilomita 11 kwa lita, inahitaji lita 18.2. Tofauti ni karibu lita 4. Tukikadiria lita moja kuwa Sh180, hiyo ni Sh700 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni zaidi ya Sh18,000. Uliza bei ya sensa halisi katika duka la spea lililo karibu nawe, kisha uiweke kando ya hesabu hiyo.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa uzito wa lita moja. Septemba 2023 bei ya petroli ilivuka Sh200 kwa mara ya kwanza, ikafika Sh211.64 jijini Nairobi. Sisi wa Mombasa hupata nafuu kidogo kwa sababu mafuta yanashukia hapa. Wa Matungu hulipia pia safari ya kuyafikisha huko.

Kwa nini basi mtu aendeshe gari miezi mitatu taa ikiwaka? Jibu liko katika namna kazi yenyewe inavyoendeshwa. Dereva hupeleka hesabu kwa mwenye gari kila jioni, na petroli huitoa katika mapato ya siku. Vipuri ni juu ya mwenye gari. Sensa ikifa, mwenye gari haoni tofauti, kwani hesabu yake inafika ile ile. Anayeumia ni dereva, lakini dereva naye hataki kununua kipuri cha gari lisilo lake, gari ambalo anaweza kunyang'anywa kesho. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na petroli inaendelea kuungua.

Mwenye gari anayedhani yuko salama amekosea. Mafuta yasiyoungua huingia kwenye katalitiki na kuungua humo. Joto hupanda, masega ya kauri yaliyo ndani huyeyuka na kuziba, gari likakosa nguvu mlimani. Katalitiki ina platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei ghali kabisa, na mpya yake hugharimu mara nyingi zaidi ya sensa. Wakati huo ndipo atatokea mtu na ushauri wa kuikata na kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Gari litanguruma, moshi utatoka mchafu, na taa itawaka tena kwa sababu sensa ya pili haioni katalitiki yoyote.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kosa lililo kinyume cha kupuuza taa ni kukimbilia dukani. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari haisemi "badilisha sensa." Inatoa nambari, na nambari ni malalamiko, si hukumu.

Nambari P0135 inasema mzunguko wa umeme wa hita katika sensa ya kwanza una kasoro. P0141 inasema hivyo hivyo kuhusu sensa ya pili. Hapa sensa inaweza kuwa na hatia, lakini fyuzi iliyoungua au waya iliyogusana na bomba la moto huleta nambari ile ile. P0133 inasema sensa ya kwanza inajibu polepole, na mara nyingi ni uzee. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi. Hiyo mara nyingi si sensa mbovu, bali ni sensa nzima inayosema kweli: paipu ya hewa imepasuka, pampu ya mafuta imechoka, au kipima hewa kimeshika vumbi. P0420 inailalamikia katalitiki.

Matungu ni nchi ya miwa na barabara za vumbi, na kiangazi trekta za miwa huliacha hewani mchana kutwa. Kwa hiyo klina ya hewa na kipima hewa vikaguliwe kabla ya kulaumu chochote. Pwani adui ni chumvi: soketi za waya huota kutu ya kijani na umeme ukapotea njiani. Kote kuwili, angalia bomba la moshi lenyewe. Likiwa na tundu au gasketi iliyolegea mbele ya sensa, hewa ya nje huingia, sensa huhisi oksijeni nyingi, na kompyuta huongeza mafuta. Utabadilisha sensa tatu na bomba litaendelea kuzidanganya zote. Plagi isiyochoma nayo hufanya hivyo hivyo, maana oksijeni ya silinda ile hutoka bila kutumika.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kuipima hita kwa dakika chache: achomoe soketi, apime kati ya waya mbili za hita, ambazo aghalabu zina rangi moja. Mita ikionyesha njia imekatika, hita imekufa na hakuna ubishi. Mwenye mashine inayoonyesha namba papo hapo atazame volti za sensa injini ikiwa moto. Zikitulia mahali pamoja bila kucheza hata kasi ikibadilishwa, na bomba na waya vikiwa vizima, sasa unaweza kwenda dukani.

Tahadhari moja: magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya zamani, wakati mwingine hayaongei na vifaa vya bei rahisi vya kusoma nambari. Kifaa kikinyamaza, haimaanishi gari ni zima. Tafuta gereji yenye mashine inayoyajua magari ya Japani.

Kununua bila kuibiwa

Nenda na nambari ya kipuri, si jina la gari tu. Nambari hiyo huandikwa kwenye sensa ya zamani au hupatikana dukani kwa kutumia nambari ya chesisi. Baadhi ya magari ya Toyota hutumia upande wa injini sensa ya aina nyingine, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi. Kwa macho hufanana na sensa ya kawaida, hata thredi zinaingia, lakini haziwezi kubadilishana kazi.

Sensa ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari lililochinjwa ni kamari. Hakuna ajuaye imetembea kilomita ngapi, na sensa nyingi zenye hita hutengenezwa kudumu takriban kilomita 160,000. Tena usiiamini sana mita ya kilomita kwenye dashibodi. Kuirudisha nyuma ni mchezo wa siku nyingi. Sensa ya kuungia waya huuzwa kwa bei ya chini, nayo inaweza kufaa ikiwa maungio yatabanwa vizuri kwa klipu zake. Usiyachome kwa risasi ya kuchomelea: baadhi ya sensa huvuta hewa yao ya nje kupitia ndani ya waya, na risasi huziba njia hiyo.

Kazi yenyewe

Mwenye spana zinazofaa huimaliza kazi hii ndani ya saa moja. Inahitaji spana nambari 22, au soketi yake yenye mwanya wa kupitisha waya, mafuta ya kulegeza kutu, na ikibidi kuingia chini ya gari, jeki na stendi imara. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Kwanza washa injini kidogo ipate uvuguvugu kisha uzime. Chuma chenye uvuguvugu huachia kwa urahisi, lakini bomba likiwa moto kabisa litakuunguza. Pili, chomoa waya hasi ya betri. Tatu, tafuta soketi ya sensa, bonyeza ulimi wake na uitenganishe, usivute waya. Nne, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye shingo ya sensa na usubiri dakika 10 au zaidi. Tano, fungua kwa nguvu ya taratibu. Ikikaza, ongeza mafuta, kaza kidogo kisha legeza, urudie. Anayeipiga nyundo huondoka na thredi za bomba, na hapo kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Sensa mpya isianguke chini, maana kauri yake hupasuka kama kikombe. Ncha yake isiguswe kwa mkono wenye grisi wala isisafishwe kwa dawa yoyote. Nyingi huja zimepakwa tayari dawa ya kuzuia thredi kushikana. Kama haina, paka kidogo kwenye thredi pekee. Ianze kwa vidole hadi ifike mwisho, ndipo uikaze kwa spana. Kwa thredi ya kawaida ya milimita 18, kipimo ni kama Nm 40 hadi 45, yaani imara bila kuning'inia kwenye spana. Pitisha waya pale pale ilipopita ya zamani, mbali na bomba. Rudisha betri, futa nambari kwa mashine, kisha endesha kilomita kadhaa, mwendo wa polepole na wa kasi. Taa ikirudi na nambari ile ile, rudi kwenye waya na fyuzi kabla ya kumlaumu muuzaji.

Mwenye gari ana haki ya kuomba sensa ya zamani mkononi. Huo ndio uthibitisho kwamba kazi imefanyika, na pia ni barua inayoeleza kilichoiua.

Soma ncha ya sensa iliyokufa

Ncha nyeusi iliyojaa masizi makavu inasema mafuta yamekuwa mengi kwa muda mrefu. Chanzo kinaweza kuwa injekta inayovuja, klina iliyoziba, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo wa kuchanganya ndio uliofanya serikali mwaka 2018 kuweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya walaghai ipungue. Ncha yenye utando wa majivu ya oili inasema ringi au sili za valvu zimechoka na injini inakula oili. Utando mweupe unaweza kuwa wa maji ya rejeta yanayovuja ndani kupitia gasketi ya kichwa, au wa gundi ya silikoni isiyofaa aliyoitumia fundi alipofunga injini. Kauri iliyopasuka inaweza kuwa imegongwa na jiwe, au imepigwa na maji ya dimbwi ikiwa moto.

Kubadilisha sensa bila kutibu chanzo ni kumnunulia mgonjwa shuka mpya. Baada ya miezi michache itakufa nyingine, na watu watasema sensa za siku hizi ni feki.

Dereva na mwenye gari wakae pamoja

Mambo mengi juu ya sensa ni ya fundi, lakini uamuzi wa kuinunua ni wa watu wawili. Njia rahisi ni kupima. Jaza tangi, andika kilomita, fanya kazi siku tatu, jaza tena. Gawanya kilomita kwa lita na uandike kwenye daftari kila mwezi. Namba ikishuka ghafla na taa ikiwa inawaka, dereva ana ushahidi wa kumwonyesha mwenye gari badala ya malalamiko, na mwenye gari ana sababu ya kuamini kuwa petroli haijauzwa kando ya njia.

Kisha wakubaliane mapema, kabla taa haijawaka: mwenye gari anunue sensa na kulipia kupimwa, kwani anailinda katalitiki na injini yake, dereva naye asiendeshe zaidi ya wiki moja bila kutoa taarifa. Kama mwenye gari hana pesa kwa wakati huo, apunguze hesabu kidogo kwa siku chache ili dereva ainunue, na risiti ibaki kwake. Kwa mfano wetu wa Sh700 kwa siku, fedha hiyo hurudi upesi, na inayobaki ni ya nyumbani kwa dereva.

Taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, mazungumzo yasubiri. Kupepesa kunamaanisha plagi hazichomi na katalitiki inaungua sasa hivi. Punguza mwendo, shusha abiria mahali salama, na umwite fundi.